TUJIFUNZE: KULIKAGUA GITAA LILILOTUMIKA KABLA YA KULINUNUA

Katika robo hii ya mwaka ofisi ya miradi iliombwa na kwaya moja ya Ruhuwiko, upande wa uwanja wa ndege, kwenda kutazama gitaa ambalo mtumishi mmoja anayehama Songea analiuza. Fedha zake zimetokana na mnada wa mavuno: magunia ya mahindi, kuku na ndizi za waumini. Tulikubali kwa unyenyekevu, kwa sababu huko nyuma sisi wenyewe tuliwahi kununua gitaa la kung'aa pasipo kulikagua. Kabla ya mwaka kwisha shingo ilikuwa imepinda, na nyuzi zimeinuka mpaka vijana wanaumia vidole. Hadi leo liko stoo.

Gitaa la Ruhuwiko ni gitaa kavu lenye pikapu ndani, yaani hupigwa bila umeme na pia huchomekwa kwenye amplifaya. Hili linatufaa, maana umeme ukikatika ibada haisimami. Lakini kwa sababu hiyo linapaswa kukaguliwa mara mbili, kavu kwanza, kisha likiwa limechomekwa. Muuzaji akianza kwa kuliwasha, mwombeni azime. Spika nzuri huficha mengi.

Mgongo na mbavu zake ni mepo, mti wa nchi za baridi ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Ndiyo mbao inayotumika tangu zamani kwa migongo ya fidla. Ni ngumu na nyeupe, na sauti yake ni ya wazi, haivumi sana. Kwa kwaya yenye kinanda na ngoma hilo ni jema, kwani gitaa halizami. Mistari yake inayometa kama ya pundamilia huongeza bei kuliko inavyoongeza sauti. Mulikeni ndani kwa tochi ya simu: kama mistari ya ndani hailingani na ya nje, huenda mgongo ni wa tabaka zilizogundishwa. Si aibu. Songea tuna miezi ya mvua nyingi na kiangazi kikavu, na mbao ya tabaka huvumilia mabadiliko hayo vizuri zaidi. Ila msilipe bei ya mbao nzima.

Shingo ndiyo roho ya gitaa. Bonyezeni uzi mnene kwenye freti ya kwanza na, kwa mkono mwingine, pale shingo inapoungana na mwili. Katikati ibaki nafasi ndogo sana, kama unene wa karatasi ngumu. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda. Ulizeni kama chuma cha kuinyoosha kilichomo ndani bado kinazunguka. Kisha pigeni uzi mkiugusa tu juu ya freti ya 12, halafu mkiubonyeza hapohapo. Sauti mbili zikitofautiana, gitaa halitakaa sawa na kinanda hata mkilikaza asubuhi nzima. Pitieni kila freti ya kila uzi, polepole, mkisikiliza mkwaruzo. Kazi hii inachosha, na hapo ndipo wengi huacha.

Daraja linaloshika nyuzi lijaribiwe kwa kipande cha karatasi. Kikipenya chini yake, gundi imeanza kuachia, na kifua cha gitaa pengine kimevimba.

Upande wa umeme, fungueni kwanza nyumba ya betri ya volti 9. Ukiona kutu ya kijani, betri ilivuja ndani. Chomekeni waya, mtikise jeki kidogo, mzungushe kila kitufe mkisikiliza mikwaruzo. Mwisho pigeni uzi mmoja mmoja kwa nguvu ileile. Sauti zote sita zitoke sawasawa, maana kwa kawaida pikapu ya aina hii imelala chini ya kifupa cha daraja, na isipokaa vizuri uzi mmoja hufifia. (Waya ukiachwa umechomekwa usiku kucha, betri huisha. Mfundisheni hilo kila kijana.)

Ruhuwiko shingo ilikuwa nyofu na daraja limeshika, lakini uzi wa tatu ulififia. Muuzaji alisema ni amplifaya yetu. Mwalimu wa kwaya hakubishana. Alitoa gitaa lake mwenyewe, akalichomeka kwenye amplifaya ileile, nyuzi zote zikasikika. Tumemwomba muuzaji apunguze gharama ya fundi, na mhazini ameandaa hati ya mauziano yenye namba iliyo ndani ya tundu la gitaa, itakayosainiwa mbele ya mjumbe wa mtaa. Muuzaji ameomba muda wa kufikiri hadi Jumamosi. Fedha bado ziko kwa mhazini.