Koili za Redio Katika Sumaku ya Tesla 7

Katika mashine ya MRI ya tesla 7, viini vya haidrojeni huitikia mawimbi ya redio ya karibu megahezi 300. Ndani ya ubongo wimbi hilo huwa na urefu wa sentimita 13 hivi, pungufu ya upana wa kichwa. Koili moja ikitumika, mawimbi huimarishana katikati na kufifishana pembeni. Sehemu ya ubongo iliyo jirani na masikio huingia giza, na huko ndiko hasa daktari wa kifafa hutafuta kovu. Hivyo wabunifu hukizungushia kichwa koili ndogo, mara nyingi nane, kila moja ikiwa na nguvu na awamu yake. Ugumu hauishii kwenye picha: nyuga za umeme za koili hizo zaweza kujumlikana mahali padogo na kupasha tishu joto, huku wastani wa kichwa kizima ukionekana salama. Kwa sababu hiyo kikomo huwekwa hata kwa gramu 10 za tishu: wati 10 kwa kilo.