Gari ya Turbo au ya Kawaida: Kikundi Kichague Gani?

Somo hili ni la vikundi vilivyoweka akiba mpaka vikafikia kununua gari. Lisomwe kwa sauti mkutanoni, na mweka hazina awe na karatasi na kalamu, maana kuna hesabu mbele.

Tuseme barabara yenu ni ya udongo, na mnataka gari ya kupeleka maziwa na mboga sokoni, na usiku kumkimbiza mgonjwa hospitalini. Watu wengi wa bara wakifikiria kazi kama hiyo hutaja Subaru Forester, kwa kuwa iko juu kidogo na inavuta kwa magurudumu yote manne. Hapo ndipo ubishi huanza. Wazee wanataka ile ya kawaida. Vijana wanataka ya turbo, na wanasema bei yake pale yadi haijapita sana ile nyingine. Pengine ni kweli, hasa kwa gari iliyozeeka. Lakini bei ya kununua hulipwa mara moja tu. Zile zingine hulipwa kila wiki.

Kwanza tuelewe turbo ni kitu gani. Injini huchoma petroli iliyochanganyika na hewa. Turbo ni feni mbili ndogo juu ya mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, na ile ya pili inashindilia hewa zaidi ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo inaongezwa, na nguvu inapanda. Chukueni Forester za Japani zilizotengenezwa kati ya 2012 na 2018. Ile ya kawaida ya lita 2 ina nguvu za farasi 148. Ya turbo, lita 2 hizo hizo, ina 280. Ni karibu mara mbili! Basi si ajabu vijana wakiipenda.

Na tuwape haki yao kwa jambo moja ambalo wazee hawalijui. Ukipanda milimani hewa hupungua. Mahali penye mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, na injini ya kawaida hupoteza nguvu karibu kiasi hicho. Turbo inaifidia hewa ile. Kwa hiyo mtu wa Nyahururu, kwenye zaidi ya mita 2,300, ana sababu ambayo mtu wa Malindi hana. Hata hivyo, farasi 148 wakipunguzwa moja ya tano wanabaki kama 118, na hao wanatosha kabisa kupandisha mikebe ya maziwa na watu wanne. Kumbukeni pia kwamba sheria ya Kenya hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa. Farasi wengine watakuwa wanalishwa tu bila kufanya kazi.

Sasa kalamu. Tuseme gari yenu inatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Kwa mfano wetu, ya kawaida iende kilomita 12 kwa lita moja, na ya turbo kilomita 8. (Ulizeni wenye magari hayo huko kwenu, mweke tarakimu zenu; mguu wa dereva hubadilisha mambo mengi.) Ya kawaida itakunywa lita 125. Ya turbo lita 187 na nusu. Tofauti ni lita 62 na nusu. Lita moja ikiwa shilingi 180, hiyo ni shilingi 11,250 kila mwezi, au 135,000 kwa mwaka. Bei ya petroli hutangazwa na EPRA kila tarehe 14, kwa hiyo rudieni hesabu kwa bei ya mwezi wenu.

Hebu linganisheni na akiba. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa wiki, hukusanya 130,000 kwa mwaka. Kumbe michango yote ya mwaka mzima, ya akina mama waliouza mayai na wazee waliouza miti, imeingia kwenye tangi, na bado haijatosha.

Tena magari ya turbo ya Japani yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko okteni yake haipungui 96. Ya kawaida inaridhika na petroli ya chini zaidi. Petroli duni kwenye turbo inaweza kufanya injini igonge ndani, na pistoni zikaumia polepole bila mtu kujua.

Lakini mimi naona hatari kubwa si petroli, ni oili. Feni za turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, katika joto kali, na oili ndiyo hasa inayoulinda mhimili wake. Oili iwe nzuri, ibadilishwe kwa wakati, na baada ya kupanda mlima kwa kasi injini iachwe ingurume kidogo kabla ya kuzimwa. Mtu mwenye gari yake anaweza kuyafuata hayo. Gari ya kikundi ina madereva watatu au wanne. Leo yuko Juma, kesho shemeji yake, na kila mmoja anafikiri mwenzake ameangalia oili. Turbo ikifa usiku mgonjwa akingoja, nguvu za farasi 280 hazimsaidii.

Vijana watataja Safari Rally. Ni kweli Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza 1997, na Richard Burns kwa Impreza vilevile mwaka 2000. Lakini gari zile zilifuatwa na mafundi na vipuri njia nzima. Ninyi mna fundi mmoja sokoni, naye Jumapili hapatikani.

Mkiendelea kutafuta, jueni kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8. Zile kuukuu zinauzwa na watu wa hapa hapa, na ya turbo mara nyingi imepitia mikono ya vijana wa mbio. Mwende na fundi asubuhi, injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu ikiwashwa ni oili inayoungua. Aangalie kama ekzosi imebadilishwa. Na msidanganywe na ile pua juu ya boneti. Wako wanaoibandika kwenye gari ya kawaida kwa mapambo tu. Kama mtabeba abiria wa kulipa, hapo mnahitaji leseni na bima ya PSV. Bima ya gari ya binafsi inaweza kukataa kulipa siku ya ajali.

Ya kujadiliana kikundini: Gari yetu itatembea kilomita ngapi kwa mwezi, na nani ameyapima? Ni nani ataandika daftari la oili, na akisafiri nani atashika kalamu? Turbo ikiharibika mwezi wa pili, pesa za kuitengeneza zitatoka mfuko gani?