Mbwa wa Kitabuni Harambi Mtu

Mama wa Vanga,

Kwanza nakuomba kile kitabu cha mbwa Harry usikirudishe shuleni kabla binti yako hajakimaliza. Katika barua yako unasema mavyaa wako alikivurumisha uani, akaapa kwamba nyumbani kwake haingii mbwa hata wa karatasi. Mume yuko baharini, mtoto analilia mtoto wa mbwa, na juzi ameonekana dikoni akimtupia mbwa koko vichwa vya samaki.

Tuanze na mavyaa, maana nyumba ni yake. La kwamba mbwa ni najisi hakulizua. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi tumelelewa hivyo: chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini hayo ni ya mate na majimaji, na picha haina mate. Tena, kama ni katika wale wazee wetu wasioacha Suratul Kahf siku ya Ijumaa, basi mbwa anamsoma kila wiki: wamo vijana waliolala pangoni, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele pale mlangoni. Hata watu wanapobishana vijana walikuwa wangapi, mbwa naye yumo katika hesabu. Mwombe amsimulie mjukuu kisa hicho baada ya Isha. Mwombe kwa adabu, usiende kumshinda.

Kisha mtoto naye amsimulie bibi kisa cha Harry. Harry the Dirty Dog kiliandikwa na Gene Zion, kikachorwa na Margaret Bloy Graham, kikatoka Marekani mwaka 1956. Harry ni kijibwa mweupe mwenye madoa meusi, na adui yake ni kuoga. Anaifukia brashi ya kumsugulia, anatoroka, anazurura penye ujenzi wa barabara na relini, anaserereka kwenye makaa ya mawe, mpaka anageuka mweusi mwenye madoa meupe. Akirudi, hakuna anayemtambua. Inambidi aifukue brashi mwenyewe; anasuguliwa, na hapo ndipo wanamjua. Mavyaa, bila kujua, amekitupa kitabu kinachohimiza kuoga!

Mtoto wa mbwa usimwahidi. Huko mashambani wako wanaofuga mbwa wa kufukuza nyani na nguruwe. Huyo ana kazi na ana mwenyewe. Wa dikoni hana mwenyewe, wala hujui kama amewahi kuchanjwa. Hapa mimi ni mkali kuliko mavyaa wako. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona, na watoto huumwa sana kwa sababu huwasogelea mbwa bila woga. Binti yako asimguse mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Akijiwa na mbwa asikimbie wala asipige kelele. Asimame tuli, mikono ubavuni, mpaka mbwa aende zake.

Akiumwa, hata kama ni mkwaruzo tu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Msipake majivu wala dawa ya kienyeji, na usingoje mume arudi kutoka baharini. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo akachomwe chanjo; mkiikosa hapo, pandeni gari mwende hospitali ya rufaa ya kaunti, Msambweni.