Zebaki Katika Sayansi, Hesabu na Insha

Muhula huu sisi wa kidato cha nne tulipewa kazi tatu za kufanya wenyewe: moja ya sayansi, moja ya hesabu na moja ya insha. Wenzangu wengi walichagua mambo matatu mbalimbali. Mimi nilichagua jambo moja kwa zote tatu, nalo ni zebaki, maana mjomba wangu huchimba dhahabu upande wa Geita, na jiko ambamo hunipikia wakati wa likizo ndimo anamochomea dhahabu yake.

Kazi ya sayansi ilianza na karai. Sisi wa Shinyanga na Geita tumewaona watu wakiosha mchanga wa dhahabu tangu utotoni, lakini ni wachache wajiulizao kwa nini kazi ile hufanywa majini. Dhahabu hatukuwa nayo (Mwalimu alicheka tulipoomba), basi tulitumia kipande cha risasi na jiwe jeupe liitwalo kwatzi, tukavipima kwa mizani ya springi, kwanza hewani, kisha vikiwa vimezama. Kitu kikizama hupungukiwa uzito sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma, kama alivyogundua Archimedes zamani sana. Sasa fikirini: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, na ya kwatzi gramu 2.65. Hewani dhahabu ni nzito mara 7 na kidogo. Majini kila moja hupungukiwa gramu 1, zikabaki 18.3 na 1.65, na hapo dhahabu huwa nzito mara 11. Ndiyo sababu mchanga huondoka na maji, dhahabu ikabaki chini ya karai.

Lakini chembe ndogo kama vumbi huchukuliwa pamoja na mchanga. Ndipo mchimbaji hutia zebaki, nayo huzishika chembe hizo zikawa donge moja. Donge likichomwa, zebaki huchemka kwenye digrii 357 za Selsiasi ikawa mvuke, na dhahabu, isiyoyeyuka mpaka digrii 1,064, hubaki. Watu husema zebaki imekwisha. Kumbe imeingia hewani tu, na ikipoa hutua juu ya paa, sufuria na nguo. Mvuke wake hauna harufu, na ukivutwa siku nyingi hudhuru mishipa ya fahamu, mikono ikatetemeka na kumbukumbu ikapotea. Watoto, na wale walio bado tumboni, ndio wa kuogopewa zaidi.

Katika hesabu nilitumia kalamu tu, maana zebaki haifai kuchezewa shuleni. Tuseme donge lina gramu 20, na baada ya kuchomwa zimebaki 11. Gramu 9 zimekwenda hewani. Shirika la Afya Duniani limeshauri ya kwamba hewa ivutwayo isizidi, kwa wastani wa mwaka, sehemu moja ya milioni ya gramu ya mvuke wa zebaki katika mita moja ya ujazo. Basi gramu 9 zahitaji mita za ujazo 9,000,000 za hewa safi. Jiko la mita 3 kwa 3, lenye kimo cha mita 2.5, lina mita za ujazo 22.5. Gawanya: majiko 400,000! Nilirudia hesabu hiyo mara tatu. Ni kweli mvuke mwingi hutoka mlangoni, lakini hutoka kuelekea kwa jirani.

Insha ndiyo iliyonichosha. Sayansi na hesabu twazisoma kwa Kiingereza, na mjomba aliishia darasa la saba. Tena alikuwa akiosha dhahabu kabla sijazaliwa. Basi niliiandika insha yangu kuwa barua kwake. Archimedes nilimwacha nje. Nilitaja Rwamagasa, kijiji cha Geita anachokijua, ambako wataalamu wa Umoja wa Mataifa walichunguza habari za zebaki miaka ya 2000. Nilitaja pia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, nao wataka uchomaji katika makazi ya watu ukomeshwe. Kisha nikaandika: "Mjomba, moshi ule ndio zebaki uliyoinunua kwa fedha zako." Nikamchorea chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba lililopozwa kwa maji, ambamo mvuke hurudi kuwa zebaki, ikatumika tena.

Mwalimu aliipa insha hiyo alama za wastani, kwa kuwa, alisema, haina mwisho. Mjomba alijibu baada ya wiki tatu. Alisema sasa anachomea nyuma ya nyumba, na mkaza-mjomba amehamisha debe la unga. Aliuliza maswali mawili: je, chungu hicho hakitameza dhahabu yake? Na atashirikiana na nani kukinunua? La kwanza nimelijibu kwa zile digrii mbili. Kwa la pili nimemshauri awaulize wenzake wa mwaloni, na nimemwomba asogee mbali zaidi na nyumba, kwa kuwa upepo wa kule hugeuka jioni. Barua imeondoka Jumamosi.