Tamthilia ya Majaribio Garissa

Swali: Je, kikundi cha vijana kinachotaka kuonyesha tamthilia ya majaribio mjini Garissa kifanyeje ili hadhira iipokee?

Jibu: Tamthilia ya majaribio, yaani mchezo unaovunja kwa makusudi kanuni zilizozoeleka za jukwaa, haiji Garissa, mji wenye Wasomali wengi, kama mgeni kabisa, kwa kuwa maigizo ya Kisomali yamejengwa juu ya ushairi: katika Shabeelnaagood ya Hassan Sheikh Mumin, tamthilia ya miaka ya 1960, waigizaji walikariri sehemu za kishairi huku mazungumzo ya kawaida wakiyabuni papo hapo. Ushairi huo hufuata urari wa sauti za mwanzo, ambapo sauti moja hurudiwa katika kila mstari, na masikio yaliyolelewa nao hung'amua kosa mara moja; hivyo jaribio lolote litakalopuuza lugha litaanguka mapema.

Inafaa pia kutumia mbinu ya Augusto Boal wa Brazil, ambamo mtazamaji husimamisha mchezo na kuingia kuigiza suluhisho lake, kwani hukaribiana na baraza la wazee na huweza kuchambua mzozo wa kisima au malisho bila kumtaja mtu. Ukosefu wa ukumbi usiwe kikwazo, maana mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi. Muhimu ni kwamba onyesho lifanyike jua likishapunga, lisigongane na sala ya Magharibi, na wanawake wapate nafasi ya kuona, kusema na kuigiza, kwa sababu jaribio linalowanyamazisha halijavunja kanuni yoyote.