Kuhasi Mbwa Jike Mwenye Umbo Dogo: Hatari Iko Wapi?

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kuhasi si jambo geni. Wairaqw na Wabarabaig wamefuga ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa vizazi vingi, na mtoto akuaye bomani huona mafahali wakihasiwa hata kabla hajajua kusoma. Lakini ujuzi huo aghalabu hukomea kwa madume. Mbwa jike, hasa yule mdogo awezaye kubebwa kwa mkono mmoja, huachwa azae apendavyo; na ikitajwa habari ya kumpasua, mwenye mbwa huuliza swali la haki kabisa: je, kiumbe kidogo namna hii hakitakufa?

Swali hilo lajibiwa vema zaidi kwa hesabu kuliko kwa maneno ya kuondoa hofu.

Korodani za dume zi nje ya tumbo, ndiyo maana kazi ya kuzitoa au kuziponda ni fupi. Ovari za mbwa jike zimo ndani, karibu na figo, nao mji wa mimba una pembe mbili ndefu zinazoelekea kila moja kwenye ovari yake. Ili kuviondoa viungo hivyo hapana budi tumbo lipasuliwe, mishipa ya damu ifungwe barabara kwa uzi, na mnyama awe amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mzee aliyehasi mafahali hamsini hajapata katika kazi hiyo fundisho la kumsaidia hapa. Hii ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003.

Jambo moja huwashangaza watu: kwa mkono wa mpasuaji, mbwa mdogo aliyekonda ni rahisi kuliko mbwa mkubwa mnene, kwa kuwa mishipa yake haikufichwa na mafuta. Ugumu wa mbwa mdogo hauko kwenye kisu. Uko kwenye vipimo.

Tuchukue mbwa wawili, mmoja wa kilo 3 na mwingine wa kilo 20. Mbwa mzima wa kijijini kwa kawaida huzidi kilo 10. Walio chini ya kilo 5 huwa ni watoto, au wale wa asili ya kigeni waletwao kutoka mijini. Ikiwa dawa fulani ya usingizi yatakiwa miligramu 10 kwa kila kilo, na kila mililita ina miligramu 100, basi mbwa mkubwa atapewa mililita 2 na mdogo mililita 0.3. Sasa mkono wa mtoa dawa ukosee kwa mililita 0.1 tu. Kwa mbwa mkubwa kosa hilo ni sehemu moja ya ishirini ya kipimo. Kwa mdogo ni theluthi nzima. Kwa sababu hiyo kumkadiria mbwa mdogo uzito kwa macho ni kosa lisilosameheka. Apimwe kwa mizani, na dawa ivutwe kwa bomba jembamba lenye alama ndogo ndogo.

Hesabu ya damu nayo ni hiyo hiyo. Mbwa ana takriban mililita 85 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Yule wa kilo 3 ana kama mililita 255, yaani pungufu ya chupa ndogo ya soda. Akipoteza mililita 25, ambazo hazijazi vijiko viwili vya mezani, amepoteza sehemu moja ya kumi ya damu yake yote. Mwenzake wa kilo 20 hataitambua hasara hiyo. Kwa kuwa mishipa ya uzazi hujaa damu zaidi wakati jike anapotaka dume, madaktari hupendelea kungoja miezi miwili au mitatu baada ya kipindi hicho kupita.

Lakini adui asiyeonekana, na ambaye katika nyanda za juu za Mbulu apaswa kuogopwa kuliko wengine, ni baridi. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kwa michemraba miwili. Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 una eneo la nje la sentimita za mraba 600 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,000. Uwiano ni 0.6. Upande ukiwa sentimita 20, eneo ni 2,400 na ujazo ni 8,000. Uwiano ni 0.3. Joto hutengenezwa na mwili mzima, bali hupotea kupitia ngozi. Basi kiumbe kidogo kina ngozi nyingi mno kwa kulinganisha na mwili wake. Wanafunzi wajaze maji ya moto katika chupa mbili za glasi za namna moja, ndogo na kubwa, wapime halijoto kila baada ya dakika tano, na wachore grafu. Chupa ndogo itatangulia kupoa.

Halijoto ya kawaida ya mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Sentigredi. Dawa ya usingizi huuzuia mwili kutetemeka. Manyoya ya tumboni yamenyolewa. Ngozi imepakwa spiriti, nayo ikikauka huondoka na joto. Kisha tumbo lenyewe liko wazi. Mbwa aliyepoa huichelewa kuiondoa dawa mwilini, moyo hupungua mwendo, na damu haigandi vema. Fikiria hayo yakitokea chini ya Mlima Hanang mwezi wa Julai, katika chumba chenye sakafu ya saruji.

Njaa pia huua. Mbwa mzima huzuiliwa chakula usiku mmoja ili asitapike akiwa usingizini, lakini ini la mtoto mdogo lina akiba haba ya sukari. Yeye huzuiliwa saa chache tu.

Hatari ni kubwa kiasi gani basi? Uchunguzi uliofanywa Uingereza kati ya mwaka 2002 na 2004, uliohusu mbwa zaidi ya 98,000 waliopewa dawa ya usingizi au ya kutuliza, ulionyesha kwamba walikufa kama 17 katika kila 10,000. Miongoni mwa wenye afya njema walikufa kama 5 tu katika kila 10,000. Wale wa chini ya kilo 5 walikuwa katika hatari zaidi kuliko waliowazidi kidogo. Karibu nusu ya vifo vilitokea baada ya upasuaji kwisha, hasa katika saa tatu za mwanzo. Ifahamike kwamba huko kuna mashine za hewa na wauguzi wa wanyama; tarakimu hizo hazihamishiki Katesh au Dongobesh zilivyo.

Hata hivyo, anayekataa upasuaji asidhani amechagua usalama. Katika vijiji ambamo mbwa hutembea huru, jike wa kilo 4 atapandwa na dume wa kilo 20. Baada ya siku 63 hivi, mtoto anaweza kukwama njiani, na hapo jike atapasuliwa usiku, akiwa amechoka na damu yake imepungua, au afe bila kupasuliwa. Kuna pia usaha wa mji wa mimba: nchini Uswidi, ambako zamani mbwa wachache walihasiwa, takriban robo ya majike waliupata kabla ya kutimiza miaka kumi. Tena kuna uvimbe wa sehemu za siri uambukizwao kwa kujamiiana. Huo ni ugonjwa wa ajabu kweli kweli, maana seli zake si za mgonjwa mwenyewe, bali ni kizazi cha seli za mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita.

Kwa hiyo mwenye mbwa hachagui kati ya hatari na salama. Anachagua kati ya usingizi wa dawa uliopangiwa siku, mbwa akiwa mzima, na ule ujao bila kubisha hodi.

Lisichanganywe jambo moja. Kuhasi hakumkingi mbwa na kichaa. Kinachomkinga ni chanjo, na ili ugonjwa ukomeshwe yapasa mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Ila majike wakizaa ovyo, watoto wasiochanjwa huongezeka na kiwango hicho hushuka upesi.

Mwenye mbwa mdogo aombe kazi ifanyike asubuhi, ili mnyama aamke na kupata joto kabla jua halijatua. Alazwe juu ya blanketi, si sakafuni. Chupa ya maji ya moto iviringishwe kwa kitambaa kinene, kwani aliyelala hawezi kujiondoa inapomchoma. Mtu akae naye saa tatu hizo za mwanzo, atazame pumzi, na kufunua mdomo mara kwa mara: ufizi ukiwa mweupe badala ya waridi, daktari aitwe papo hapo.