Somo la Mwezi: Baridi ya Julai, Jua la Februari, na Jiko Ndani ya Nyumba

Mkulima aliyepata kuja Nairobi kwa shughuli zake mwezi wa Julai ameona watu wa mjini wakitembea wamejikunyata ndani ya makoti hata saa sita ya mchana. Akija tena mwezi wa Februari, huwakuta watu wale wale wakitafuta kivuli cha majengo na kujipepea kwa magazeti. Mji ni mmoja na nyumba ni zile zile. Kilichogeuka ni hewa. Somo letu lahusu mageuzi hayo na namna ya kuitunza nyumba isiwe tanuri mchana wala pango la baridi usiku. Mfano wetu ni Nairobi, kwa kuwa wengi wenu mwaujua mji huo, lakini faida ni yenu ninyi mkaao katika skimu, ambako baridi mara nyingi ni kali kuliko ya mjini.

Kwa nini hewa hugeuka?

Nairobi u karibu na Ikweta, lakini umeinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka katikati ya mji kwenda magharibi, ukapita Dagoretti, Kikuyu hata Limuru, wazidi kupanda. Kwa kila mita 1,000 upandazo, hewa hupungua joto kwa digrii 6 hivi. Kinangop, ambako wakulima wengi waligawiwa mashamba katika mpango wa ekari milioni ulioanza mwaka 1962, mahali pengi papita mita 2,400. Basi huko hewa yaweza kupungua digrii 4 au zaidi kuliko Nairobi.

Mwezi wa Julai, pepo za kusini-mashariki huleta hewa yenye unyevu, na mawingu mazito ya chini huufunika mji tangu alfajiri. Kwa kawaida joto la mchana halipiti sana digrii 22. Mwezi wa Februari mbingu huwa wazi. Mchana joto hufika digrii 27 au 28, na usiku hushuka mpaka 13 hivi, kwa sababu hakuna mawingu ya kuizuia ardhi isipoteze joto lake. Ndiyo maana hata katika miezi ya jua, mkulima wa nyanda za juu huweza kuamka akakuta jalidi juu ya viazi.

Nyumba hupokeaje joto?

Katika Kenyatta Avenue, katikati ya Nairobi, liko jengo la mawe liitwalo Kipande House, lililojengwa mwaka 1913. Ukuta mnene wa mawe hupata joto polepole na kulitoa polepole. Joto la mchana hukawia kuingia, na likiisha kuingia husaidia usiku. Majengo mengine ya siku hizi yana vioo vingi. Kioo hupitisha miale ya jua, kisha joto likifika ndani halipati njia ya kutoka, na hapo mashine za kupoza hewa hufanya kazi kutwa. Saa moja baadaye mawingu yakifunga, watu wa humo humo hutaka makoti yao.

Bati ni jepesi kuliko vyote. Jua likiwaka, bati huwaka nalo; jua likizama, bati hutupa joto lake mbinguni upesi. Nawe umepata kuona matone yakidondoka kitandani asubuhi ingawa mvua haikunyesha. Huo ni mvuke wa pumzi zenu na wa sufuria, uliogusa bati baridi ukageuka maji.

Dawa yake si moto mkubwa. Kwanza, weka dari ya mbao, ukiacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Pili, ukijenga nyumba mpya, elekeza madirisha makubwa kaskazini na kusini, si magharibi, maana katika nchi yetu jua la jioni ndilo liingialo ndani moja kwa moja. Tatu, miezi ya baridi funga madirisha kabla jua halijashuka, ukiacha tundu za hewa za juu wazi. Miezi ya joto fungua asubuhi na jioni, na teremsha mapazia adhuhuri.

Vyombo navyo hutegemea hewa

Katika Kileleshwa na Lavington utaona mapipa ya kuchemshia maji kwa jua juu ya mapaa. Februari maji yake huunguza mkono. Julai hutoka vuguvugu tu. Kabati la makaa la kuhifadhia mboga na maziwa nalo ni vivyo hivyo. Maji unayoyamwagia makaa yakikauka huondoka na joto, na vitu vya ndani hupoa. Lakini wakati wa ukungu hewa imekwisha kushiba maji, nayo makaa hayakauki. Usimwage maji mengi zaidi ukidhani utapata baridi zaidi. Peleka maziwa sokoni mapema.

Jiko la makaa ni hatari

Sasa twafika kwenye jambo kubwa la somo hili. Nyumba nyingi za zamani katika vitongoji vya magharibi mwa Nairobi, kama Karen, zina meko ya ukutani yenye dohani ya kutoa moshi nje. Nyumba nyingi za siku hizi hazina, na chumba cha mabati cha Kawangware hakina kabisa. Baridi ikizidi, watu huingiza jiko la makaa ndani, hufunga mlango, huziba nyufa kwa matambara, kisha hulala. Wengine hawaamki.

Wengi husema, “Makaa yamekwisha kushika, hayana moshi, basi ni salama.” Sivyo. Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu haiwezi tena kuupelekea mwili hewa njema. Kadiri chumba kilivyozibwa vizuri kuzuia baridi, ndivyo sumu ikusanyikavyo upesi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na mwili kulegea kwa usingizi. Ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja waumwa kichwa pamoja, msidhani ni mafua. Fungueni mlango, tokeni nje wote, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi akapewe oksijeni. Usirudi ndani kufuata blanketi.

Anayelea vifaranga ajua kwamba kibanda chataka joto na hewa pia. Akikifunga kabisa pamoja na jiko, asubuhi huokota mizoga. Je, watoto wako hawastahili uangalifu kama ule wa vifaranga?

Basi shikeni kanuni hizi. Otea moto jioni, dirisha likiwa wazi. Kabla ya kulala, jiko litoke nje, hata kama makaa yaonekana kuwa majivu. Jiko likiisha kutoka, acha mlango wazi kwa muda ili hewa ibadilike. Kisha tafuta joto katika nguo kavu na blanketi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vema na kuviringishwa kitambaa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini usiku wa Februari huweza kuleta jalidi ijapokuwa mchana ulikuwa na jua kali?
2. Matone yadondokayo kutoka bati asubuhi yatoka wapi?
3. Kwa nini makaa yasiyo na moshi ni hatari?
4. Ni mambo gani utayafanya usiku wa leo kabla ya kuzima taa?

Msomee somo hili asiyejua kusoma, hasa mama na vijana walalao jikoni.